Taco za kuviringisha za nyama ya ng'ombe: zinapasuka, zinafumuka, zinalegea. Nakosea wapi?

Mwiko_Sinza | Jumanne, saa 2:10 usiku

Wakuu wa jiko, habari za jioni.

Naomba mwongozo wa taco za kuviringisha za nyama ya ng'ombe, zile nyembamba ambazo Mexico huitwa taquito, na zikiwa ndefu huitwa flauta, yaani filimbi. Nataka zitoke kavu, ukiuma zilie. Ninazopata ni tofauti kabisa.

Ninavyofanya: sembe nusu kilo, chumvi, maji ya uvuguvugu mpaka unga ushikane. Nasukuma kwa mti wa chapati, naivisha kwenye kikaango kikavu. Ndani naweka nyama ya kusaga iliyopikwa na nyanya 4, kitunguu na bizari nyembamba. Nakaanga kwenye karai, mafuta ya alizeti lita 1, jiko la mkaa.

Matatizo:
1. Tortilla (hiyo chapati nyembamba ya mahindi) inapasuka nikianza tu kuviringisha.
2. Zinazopona zinafumukia kwenye mafuta, nyama inamwagika na mafuta yanaruka vibaya.
3. Dakika 10 baada ya kuepua zimelegea.

Jumamosi mezani kuna watu 8. Nibadili unga, nyama au jiko? Na je, manda za sambusa zinafaa badala ya tortilla?

---

BiUpanga | Jumanne, saa 2:48 usiku

Ndugu Mwiko, anza na unga, maana hapo ndipo kila kitu kinapoharibikia.

Sembe yetu na unga wa tortilla vyote ni mahindi lakini havifanani tabia. Mahindi ya tortilla huchemshwa kwanza na chokaa ya chakula, yakalala humo usiku kucha, ndipo yakaoshwa na kusagwa. Chokaa inalegeza ganda la punje na kutoa utomvu fulani ndani ya mahindi, na utomvu huo ndio unaoshika donge. Sembe haijapitia hatua hiyo. Mahindi hayana ule mnato wa ngano, kwa hiyo ukikanda sembe na maji ya uvuguvugu unapata chembe zilizolowa tu, zimeshikana kwa hisani. Ukizikunja zinaachana. Hapo hata usukume kwa ustadi gani, itapasuka.

Una njia tatu. Naziandika kuanzia iliyo bora.

Njia ya kwanza: unga wa masa harina. Huo ni unga wa mahindi yaliyokwisha kupitishwa kwenye chokaa, wa kuongeza maji tu. Ulizia supamaketi kubwa zinazouza vyakula vya nje. Usome vizuri pakiti: unga wa mahindi wa kawaida hata uandikwe kwa lugha gani hautafaa. Gramu 250 za unga, maji ya moto kiasi ml 340, chumvi nusu kijiko cha chai. Kanda dakika 3, funika kwa kitambaa kibichi dakika 20. Bonyeza kidonge kwa kidole gumba: kingo zikichanika, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Zikinata kidoleni, ongeza unga kidogo. Utapata vidonge 19 hivi vya gramu 30.

Njia ya pili: chemsha mahindi mwenyewe. Kilo 1 ya mahindi meupe makavu, maji lita 3, chokaa ya chakula ya unga gramu 10. Chokaa ya kupaka ukuta usiitumie kabisa, haikutengenezwa kwa ajili ya kula. Chemsha kwa moto mdogo dakika 40, zima, acha mpaka asubuhi. Kisha osha kwa maji mengi huku ukisugua kwa viganja mpaka maganda yatoke na maji yawe meupe. Angalizo: sufuria isiwe ya aluminiamu, na nyingi za majumbani ndizo hizo. Chokaa inakula aluminiamu, maji yanageuka kijivu. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli yenye rangi nzima.

Tatizo la njia hii ni kusaga. Mashine za mtaani zinasaga nafaka kavu, hawatapokea mahindi mabichi yaliyolowa. Pitisha kwenye mashine ya mkono ya kusagia nyama mara mbili au tatu, tundu ndogo kuliko zote. Blenda inahitaji maji mengi ili izunguke, unaishia na uji.

Njia ya tatu, ndiyo nakushauri kwa Jumamosi: sembe ya kubabuliwa na ngano. Sembe laini gramu 300, unga wa ngano gramu 150, chumvi kijiko cha chai 1, mafuta kijiko cha chakula 1, maji YANAYOCHEMKA ml 350. Weka sembe na chumvi peke yake kwenye bakuli, mwagia maji yakiwa yanatokota, songa haraka kwa mwiko kama ugali, funika dakika 10. Wanga wa mahindi unaiva na kunata. Ndipo uongeze ngano na mafuta, ukande donge likiwa bado vuguvugu, dakika 5. Lipumzike nusu saa. Ladha haifiki ile ya mahindi ya chokaa, sitakudanganya, lakini inakunjika na ikikaangwa inakauka vizuri.

Kusukuma: donge la mahindi halipendi mti wa chapati moja kwa moja. Chukua pakiti safi ya plastiki iliyokuwa na mkate, ikate pande mbili ifunguke kama kitabu. Weka kidonge katikati, kandamiza kwa kibao cha kukatia nyama au sahani nzito bapa. Upana sentimita 15, unene usiozidi milimita 2. Ivisha kwenye kikaango kikavu chenye moto, sekunde 40 upande mmoja, 30 mwingine. Isipate madoa meusi. Toa, tia ndani ya kitambaa kilichokunjwa, rundika zote humo zifukizane. Dakika 15 ndani ya kitambaa ndizo zinazoipa ulaini wa kukunjika.

---

Karai_Moto | Jumanne, saa 3:20 usiku

BiUpanga kamaliza unga. Mimi naongezea kwenye nyama, maana hata ukipata tortilla ya Mexico yenyewe, hiyo nyama ya kusaga yenye nyanya 4 itaiua.

Nyanya ni maji. Yakiingia kwenye mafuta ya nyuzi 180 yanageuka mvuke papo hapo, mvuke unasukuma mpaka unapata upenyo, na upenyo ulio karibu ni pale ulipomalizia kuviringisha. Huko kufumuka na kuruka kwa mafuta unakokuona ni jambo moja.

Ukitaka nyama ya kujaza taco hizi, mwambie mwenye bucha akupe kidari au shingo, mnofu mtupu kilo 1, bila kuchanganya. Steki achana nayo: haina mafuta wala utando wa kuyeyuka, ukiichambua inakuwa kamba kavu. Kidari kina nyuzi ndefu na kinaachia chenyewe kikiiva.

Kata vipande vya ukubwa wa ngumi ya mtoto. Weka kwenye jiko la presha na kitunguu kikubwa 1, saumu punje 6, chumvi vijiko vya chai 2, bizari nyembamba kijiko cha chai 1 na nusu, pilipili manga nusu, pilipili kavu 2 zilizotolewa mbegu, majani makavu ya oregano kijiko cha chai 1 kama unayo, maji ml 700. Ikianza kupiga filimbi punguza moto, dakika 50. Sufuria ya kawaida ni saa 3, na maji yafunike nyama. Imeiva pale uma unapozama na kipande kinafunguka chenyewe bila kuvutwa.

Chambua ikiwa vuguvugu. Sasa hapa wengi hupitiwa: ukimaliza kuchambua, kusanya nyuzi zote kwenye kibao uzikate kwa kisu kila sentimita 3. Ukiziacha ndefu, mtu akiuma taco ya kwanza nyama yote inamfuata nje, anabaki na mrija mtupu mkononi.

Halafu ikaushe. Kikaango kipana, mafuta vijiko vya chakula 2, kaanga kijiko 1 cha nyanya ya kopo mpaka igeuke rangi ya matofali, tia nyama na mchuzi ule uliobaki ml 100 tu. Moto wa kati. Sikiliza: mwanzoni inatokota, baadaye sauti inabadilika inakuwa ya kukwaruza. Pitisha mwiko katikati ya kikaango. Njia uliyoichora ikijaa maji, endelea. Ikibaki kavu na inang'aa mafuta kidogo, epua. Kilo 1 mbichi itakupa kama gramu 550 mpaka 600, inatosha tortilla 20.

Iache ipoe kabisa kabla ya kujaza. Nyama ya moto inatoa mvuke ndani ya mviringo na kulainisha tortilla kabla hata haijaona mafuta. Ila kwa joto hili la Dar usiiache mezani zaidi ya saa moja. Itandaze kwenye sinia, itapoa haraka, kisha friji.

Mchuzi uliobaki usimwage. Ni supu kamili hiyo, kamulia ndimu.

---

Mama_Manda | Jumanne, saa 3:41 usiku

Kuhusu manda: zinafaa, msimkatishe tamaa. Manda inakauka kuliko tortilla yoyote ya kutengeneza nyumbani na haihitaji kupashwa. Chukua mbili, bandika kwa gundi ya unga wa ngano (unga vijiko 2, maji vijiko 3), viringisha, bandika mwisho. Dakika 3 kwenye mafuta, tayari.

---

BiUpanga | Jumanne, saa 3:55 usiku

Mama Manda, shikamoo. Kwa sambusa hakuna mjadala. Lakini hapa naomba nipingane nawe kwa heshima. Manda ni ngano tupu na ni nyembamba kama karatasi, ikikaangwa inavunjika vigae vigae na haina ladha ya mahindi hata kidogo. Taco ya kuviringisha inatakiwa ngozi yake iwe na mwili: nje ikatike, kwa ndani ibaki na utafunaji kidogo. Ukitumia manda umepika sambusa ndefu. Ni tamu, lakini si alichouliza.

---

Mama_Manda | Jumanne, saa 4:02 usiku

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye ladha ya mahindi nakubali. Ila Mwiko ana watu 8 na siku chache, akishindwa unga Ijumaa usiku awe na manda kwenye friji.

Na gundi yangu aichukue hata kwa tortilla za sembe na ngano. Inashika kuliko vijiti vya meno.

---

Mwiko_Sinza | Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari. Bado nina maswali kwenye kuviringisha na kukaanga. Kijiti cha meno kinatumika vipi? Na nitajuaje mafuta yamefika joto bila kipimajoto, hasa kwa mkaa? Na zile dakika 10 za kulegea, dawa yake nini? Kila mtu ale ya moto haiwezekani, karai langu linaingia 5 tu kwa wakati.

---

Karai_Moto | Jumatano, saa 2:30 asubuhi

Kaka, tuanze na kuviringisha.

Tortilla lazima iwe ya moto. Hata ile laini ya jana, ikipoa inakuwa ngumu kwa sababu wanga unajifunga. Ndiyo maana Wamexico wengi huipitisha kwenye mafuta vuguvugu sekunde 5 kila moja kabla ya kujaza. Sekunde 5 tu: ikikaa 15 imeshaanza kukauka na itavunjika. Usipotaka mafuta, ipashe kwenye kikaango kikavu sekunde 15 kila upande, irudi kwenye kitambaa.

Nyama gramu 25 hadi 30, sawa na vijiko vya chakula 2 visivyojaa. Ipange mstari mmoja mwembamba, unene wa kidole cha shahada, si katikati bali karibu na wewe, kama theluthi ya tortilla. Acha sentimita moja kila mwisho. Kunja ukingo wa karibu juu ya nyama, vuta nyuma kidogo kwa ncha za vidole kama unavyobana mkeka, halafu viringisha. Kitu kikilegea hapa, mafuta yanaingia ndani na hayatoki. Taco zinazonywa mafuta mara nyingi zimeviringishwa kizembe hata kama moto ulikuwa sahihi.

Kijiti: zipange mbili au tatu ubavu kwa ubavu, mwisho wa kila moja ukiwa chini, chomeka kijiti kimoja kipite zote. Zinashikana na kugeuzika kwa pamoja. Loweka vijiti maji dakika 10 kisha vifute vikauke nje, visiungue. Vihesabu kabla na baada. Kijiti kilichosahaulika ndani ya chakula kinaweza kumdhuru mtu.

Mafuta: kina cha sentimita 3 kinatosha. Joto nyuzi 175 mpaka 180. Bila kipimajoto, kata kipande cha tortilla ukubwa wa ukucha ukitupe ndani. Kikizama na kukaa chini, bado. Kikizama kidogo na kupanda ndani ya sekunde 2 na mapovu madogo mengi pembeni, ndiyo yenyewe. Kikibadilika rangi kabla hujahesabu 10, yamepita, ondoa karai.

Zitie mwisho wa kukunjia ukiwa CHINI, usiguse sekunde 40. Muda huo ndio unaozifunga. Kisha geuza, dakika 2 hadi 3 jumla. Angalia mapovu, hayadanganyi kama rangi: yakiwa makubwa na ya fujo, maji bado yanatoka. Yakitulia na kuwa machache, tortilla imekauka. Ukiepua wakati mapovu yana fujo kwa kuwa rangi imependeza, hiyo ndiyo taco itakayolegea baada ya dakika 10.

Mkaa: kwa kazi hii gesi ni rahisi zaidi. Kama ni mkaa tu, subiri uwe mwekundu wote, usiongeze mkaa mpya katikati ya kukaanga maana joto linashuka na kupanda vibaya. Kupunguza, nyunyiza majivu juu na funga mlango wa jiko. Kati ya fungu na fungu subiri dakika 2 na urudie jaribio la kipande. Na usiweke 5 kama ni za baridi. Weka 4.

---

Fundi_Tanuri | Jumatano, saa 6:05 mchana

Kwenye swali la kulegea naomba nijibu mimi.

Kwanza, usizilaze kwenye karatasi. Upande wa chini unafukiza, mvuke unakosa pa kwenda, unarudi kwenye ngozi. Zisimamishe wima kwenye chujio au kapu la waya dakika 2, mafuta yatiririke kutoka matundu ya mwisho, kisha zilaze kwenye wavu zisigusane. Usizifunike kwa sahani wala foili, na usiziweke kwenye hotpoti. Hotpoti inatunza joto na mvuke pamoja, chapati inapenda, taco inakufa.

Pili, hewa ya Dar ina unyevu mwingi, na kitu kikavu kinaunywa. Kama una oveni, iwashe nyuzi 100, zipange kwenye wavu juu ya sinia. Zinakaa dakika 40 bila kulegea.

Bila oveni, kaanga mara mbili. Alasiri kaanga dakika 2 kwa nyuzi 165, zikiwa bado rangi hafifu, epua, zipoe kwenye wavu, zikishapoa weka friji bila kufunika. Wageni wakikaa, mafuta nyuzi 190, sekunde 60 hadi 75 kila fungu. Taco 20 zinaisha ndani ya robo saa.

---

Mwiko_Sinza | Jumatano, saa 7:20 mchana

Oveni ninayo, ya umeme. Kwa nini basi nisizioke kabisa, niachane na karai?

---

Fundi_Tanuri | Jumatano, saa 7:44 mchana

Inawezekana ila ujue unachopoteza. Nyuzi 220, paka kila moja mafuta pande zote kwa brashi (kijiko cha chai 1 kwa kila mbili), mwisho wa kukunjia chini, dakika 10, geuza, dakika 6 nyingine. Zinakauka vizuri, lakini ngozi inakuwa ngumu kidogo badala ya kuwa nyepesi, kwa sababu joto la hewa linakausha polepole. Karai linakausha haraka na kuacha vitundu vidogo kwenye ngozi, vitundu hivyo ndivyo vinavyolia mdomoni. Kwa tortilla za sembe na ngano, mimi ningechagua karai. Umeme ukikatika dakika ya 8 pia huna pa kukimbilia.

Ukitaka kurahisisha Jumamosi: viringisha zote Ijumaa, zipange kwenye sinia zisigusane, ziganze kwenye friza saa 3, ndipo uzitie kwenye mfuko. Zikaange zikiwa zimeganda, usiziyeyushe kwanza. Nyuzi 170, dakika 4 hadi 5, tatu tatu. Futa barafu iliyoshika nje kwa kitambaa kikavu, vinginevyo mafuta yataruka.

---

BiUpanga | Jumatano, saa 10:12 alasiri

Mwiko, umeuliza kila kitu isipokuwa cha kuchovyea, na taco hizi ni kavu kwa makusudi kwa sababu zinaliwa na kitu kibichi.

Parachichi 2 zilizoiva, ponda kwa uma usizisage, ndimu 1, kitunguu maji nusu kilichokatwa vidogo sana na kuoshwa kwa chumvi, pilipili mbichi 1, kotimiri kiganja kimoja, chumvi. Olvera Street kule Los Angeles, wanakouza taquito tangu 1934, wao humwagia mchuzi mwepesi wa parachichi juu yake. Ukitaka hivyo, ongeza maji vijiko 4 na usage kwenye blenda, ila mwagia mezani, dakika ileile ya kula.

Badala ya malai ya Mexico chuja mtindi mzito ndani ya kitambaa saa 2, tia chumvi na saumu kidogo. Kabichi iliyokatwa nyembamba na kukamuliwa ndimu ikae pembeni. Kachumbari inafaa pia, lakini toa mbegu na maji ya nyanya kwanza.

Kwa watu 8 hesabu taco 4 kila mmoja, yaani 32. Kwa hiyo nyama kilo 1 na nusu, na unga wa njia ya tatu: kipimo nilichokupa kinatoa vidonge 26 hivi, fanya mara moja na nusu ubaki na akiba ya zitakazochanika.

---

Mwiko_Sinza | Jumatano, saa 2:05 usiku

Nimejaribu vidonge 6 vya njia ya tatu leo. Vimekunjika bila kupasuka. Kimoja kimechanika ukingoni tu. Kidari nimeagiza bucha, kilo 1 na nusu, Ijumaa asubuhi. Swali la mwisho: mafuta yaleyale ya Jumamosi yanafaa tena?

---

Karai_Moto | Jumatano, saa 2:31 usiku

Yakipoa, yachuje kwa kitambaa safi. Chembe za mahindi zinazobaki chini ndizo zinazoungua na kuyatia uchungu. Chupa yenye kifuniko, kabati lenye giza, yatumie mara 2 au 3 zaidi. Yakianza kutoa povu linalopanda, kunata, au kufuka moshi kabla hayajafika joto, yatupe.

Ukingo uliochanika: donge lilikuwa kavu kidogo. Ongeza maji ya moto vijiko 2 kwenye kipimo kile.